Bendera imeinuliwa, kipimo bado cha zamani: mpangilio wa memori ndani ya kerneli ya Linux

*"Nimeandika draiva ndogo ya Linux (programu ya kuendesha kifaa) kwa ajili ya kihisi cha mwangwi kinachopima kina cha maji kwenye tangi. Intarapti (ishara inayomkatiza prosesa) ya pini ya GPIO, ile inayopokea ishara ya kihisi, ikija, kazi yake inaandika sehemu mbili za muundo uitwao kipimo: muda wa mwangwi na namba ya mfululizo. Kisha inaweka bendera = 1. Uzi mmoja wa kerneli (moyo wa mfumo wa Linux) unazunguka ukiangalia bendera. Ukiikuta 1 unanakili kipimo, unairudisha bendera kuwa 0, unaendelea. Kwenye laptop yangu ya Intel, ambako naigiza kihisi kwa hrtimer (kipima muda cha kerneli), imekwenda siku tatu bila kosa. Kwenye Raspberry Pi 4, kila baada ya saa kadhaa napata namba mpya ikiwa na muda wa zamani. Niliweka volatile kwenye bendera, hakuna kilichobadilika. Niliweka smp_wmb (kizuizi cha maandiko) kabla ya kuinua bendera, makosa yakapungua lakini hayajaisha. Mwenzangu mmoja anasema msomaji hahitaji kitu, kwa sababu anasoma ndani ya if na prosesa haiwezi kuingia ndani ya if kabla ya kujua thamani ya bendera. Mwingine anasema niweke smp_mb (kizuizi kamili) kila mahali nikalale. Halafu naona ndani ya kerneli watu wanafuata pointa (kigeu chenye anwani ya data) kwa rcu_dereference bila kizuizi chochote na hawapati shida. Wao wanalindwa na nini ambacho mimi sina?"*

Ndugu yangu, umeeleza dalili zako kwa makini, na nusu ya jibu imo ndani ya swali lenyewe. Kizuizi ulichoweka upande wa mwandishi kilipunguza makosa bila kuyamaliza. Hivyo ndivyo inavyokuwa mtu akifunga mlango mmoja katika nyumba yenye milango miwili. Mpangilio wa memori ni mapatano ya pande mbili: anayeandika anaahidi kutangaza data kabla ya bendera, na anayesoma anaahidi kutogusa data kabla ya kuiona bendera. Upande mmoja ukiahidi peke yake, hakuna mapatano.

Draiva yako ina tatizo la pili pia, ambalo hakuna kizuizi kitakachoweza kuliponya. Nitalifikia. Kwanza tuondoe dhana zinazokuchelewesha.

Hizo siku tatu kwenye Intel hazikuthibitisha kitu. Prosesa za Intel na AMD zinafuata kanuni iitwayo TSO. Chini ya kanuni hiyo, maandiko ya kori moja (kitengo kimoja cha kuchakata ndani ya prosesa) yanaonekana kwa kori nyingine kwa mfuatano ule ule yalivyoandikwa, na usomaji nao unaheshimu mfuatano wake. Kitu kimoja tu kinaruhusiwa kupinduka: andiko linaweza kuchelewa hadi usomaji unaolifuata ukatangulia. Mtindo wako wa "andika data, inua bendera, soma bendera, soma data" haugusi mpinduko huo. Kwa hiyo, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine) isipohamisha mistari yako, laptop ingekwenda miaka mitatu bila kosa. Raspberry Pi 4 ina kori nne za Cortex-A72, na ARM, familia ya prosesa za aina hiyo, haitoi ahadi hizo. Kule, andiko linaweza kulipita andiko na usomaji unaweza kuupita usomaji, ilimradi kori yenyewe isitambue tofauti katika kazi zake. Msimbo wako ulikuwa na kosa tangu siku ya kwanza, ila laptop haikuwa na njia ya kukuonyesha.

Sasa volatile. Neno hilo linaizuia kompaila kuufuta au kuurudia usomaji wa kigeu hicho, na kupindua mfuatano wake na vigeu vingine vya volatile. Haliizuii kuhamisha maandiko ya kawaida, kama yale ya kipimo, yakapita juu au chini ya bendera. Na kwa prosesa halisemi chochote: amri za mashine zinazotoka ni kusoma na kuandika kwa kawaida. Ndani ya kerneli hatuitumii hivyo. Tunatumia READ_ONCE na WRITE_ONCE mahali hasa pa kugusa kigeu kinachoshirikiwa, ili anayesoma msimbo aone kwamba hapo kuna uzi mwingine upande wa pili.

Dhana ya tatu nimeisikia hata kwa watu wenye miaka mingi kazini: kwamba kizuizi "kinasukuma" data iende kwenye memori haraka zaidi. Hakisukumi. Kinachosema ni kwamba yaliyo kabla yangu yaonekane kabla ya yaliyo baada yangu. Lini yataonekana, hakisemi. Anayeweka smp_mb ili "data ifike upesi" anatibu ugonjwa usiokuwepo, na ule uliopo anauacha palepale.

Tuingie ndani ya mashine.

Kori inayoandika haisubiri mstari wa kache (kipande cha memori ndogo iliyo karibu na kori) ufike mikononi mwake. Inaliweka andiko katika foleni ndogo iliyo ndani yake na kuendelea na kazi nyingine. Chukulia mstari wenye kipimo uko kwa kori nyingine, ile iliyosoma mara ya mwisho, na mstari wenye bendera uko hapa hapa. Andiko la bendera linaweza kutoka kwenye foleni mara moja wakati maandiko ya kipimo yanasubiri mstari wao uletwe. Dunia ya nje inaona bendera imeinuliwa na kipimo bado cha zamani. Hilo ndilo smp_wmb ilikuzuilia, ndiyo maana makosa yakapungua. (Ukiiweka bendera ndani ya muundo ule ule wa kipimo, pengine vyote vitaangukia mstari mmoja wa baiti 64 na kosa litakuwa adimu zaidi. Usikubali kudanganywa na hilo. Kosa adimu ni baya kuliko la kila siku.)

Upande wa msomaji ndiko anakokosea mwenzako wa kwanza, na inafaa kumwelewa kabla ya kumsahihisha, kwa sababu anachosema kina mantiki kwa mtu anayesoma msimbo kama hadithi. Anadhani prosesa hufika kwenye if, husimama, husubiri jibu, kisha huingia. Prosesa ya leo haisimami. Usomaji wa bendera unapochelewa, inabashiri jibu kutokana na yaliyotokea huko nyuma na kuendelea kwa ubashiri huo. Ndani ya tawi inakuta amri za kusoma kipimo, inazitekeleza pale pale, na kwa bahati mbaya inaikuta nakala ya zamani kwenye kache yake. Baadaye kidogo bendera inafika: ni 1. Ubashiri ulikuwa sahihi, kwa hiyo hakuna cha kufuta. Data iliyosomwa mapema inahesabiwa kuwa halali.

Fikiria mwenye duka la jumla anayemngoja kijana wa stoo ampigie simu kwamba shehena imeingia, ndipo akahesabu magunia. Kwa haraka zake anakwenda kuhesabu kabla ya simu, anaandika daftarini magunia 12. Shehena inaingia, simu inalia: "Tayari, bosi." Yeye anafungua daftari na kusoma 12. Kijana hakusema uongo, na alipiga simu baada ya magunia kuingia kweli. Kosa liko kwa aliyehesabu kabla ya kupigiwa.

Intel nayo inabashiri vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba inaendelea kuuangalia mstari iliousoma mapema. Ukichukuliwa na kori nyingine kabla usomaji haujathibitishwa, inatupa kazi ile na kusoma upya. ARM haijaahidi ulinzi huo. Kwa hiyo sharti la if halipangi usomaji na usomaji. Liandike ukutani ukipenda, kwani ndilo linalowaangusha wengi wanaotoka x86, yaani prosesa za Intel na AMD.

Lakini mwenzako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ina thamani. Tunao utegemezi wa aina tatu. Wa kwanza ni utegemezi wa anwani: thamani uliyoisoma ndiyo inayoamua mahali utakaposoma au kuandika baadaye. Wa pili ni utegemezi wa data: thamani uliyoisoma ndiyo inayoingia katika andiko la baadaye. Wa tatu ni utegemezi wa sharti, ule wa if. Huu wa sharti unapanga usomaji na *andiko* linalofuata ndani ya tawi, kwa sababu prosesa haiwezi kutangaza andiko la kubashiri. Ikibashiri vibaya, ingekuwa imeshaonyesha dunia nzima jambo ambalo halikutokea, na hilo halifutiki. Usomaji wa kubashiri unafutika, na ndiyo maana unaruhusiwa. Kerneli yenyewe inautegemea utegemezi huu katika bafa ya duara ya perf (chombo chake cha kupima utendaji): inasoma mahali msomaji alipofikia, na ikiona nafasi ipo, inaandika.

Hata hivyo utegemezi wa sharti ni uzi mwembamba, na kompaila inaweza kuukata bila kukuuliza. Ukiandika:

    q = READ_ONCE(a);
    if (q) {
            WRITE_ONCE(b, 1);
            fungua();
    } else {
            WRITE_ONCE(b, 1);
            funga();
    }

kompaila inaona matawi yote mawili yanaandika 1 kwenye b, inalitoa andiko hilo nje na kulitanguliza mbele ya sharti. Msimbo wako unasomeka vizuri, lakini utegemezi haupo tena. Vivyo hivyo kompaila ikiweza kukokotoa kwamba sharti lako lina jibu moja siku zote: inaufuta mtihani, na mpangilio unaondoka nao. Na ulinzi huo unahusu yaliyo ndani ya matawi tu. Yaliyo chini ya if, baada ya mabano kufungwa, usiyahesabu.

Hapo ndipo swali lako la rcu_dereference linapopata jibu. Anayefuata pointa analindwa na utegemezi wa anwani. Akisoma p kisha p->kiasi, prosesa haijui iende wapi kusoma kiasi mpaka p ifike. Hakuna daftari la kuandika mapema kwa sababu hajui stoo ni ipi. Upande wa pili, rcu_assign_pointer inahakikisha kwamba yaliyomo ndani ya muundo yametangazwa kabla ya pointa yenyewe. Mapatano ni yale yale ya pande mbili, ila upande wa msomaji yanalipiwa na umbo la msimbo badala ya amri ya ziada, na ndiyo maana usomaji wa RCU (mtindo wa kerneli wa kusoma bila kufuli) ni mwepesi mno. Wewe huna ulinzi huo kwa sababu bendera yako haisemi kipimo kiko *wapi*. Inasema tu kwamba kipo.

Kuna historia kidogo hapa inayostahili kutajwa. Prosesa moja iliyowahi kutumiwa na Linux, DEC Alpha, haikuheshimu hata utegemezi wa anwani. Kache yake iligawanywa mafungu, na fungu lenye pointa mpya lingeweza kuwa limepata habari wakati fungu lenye data bado linahudumia ya zamani. Kwa miaka mingi waandishi wa kerneli walibeba kizuizi maalumu kwa ajili yake, smp_read_barrier_depends. Tangu toleo la 4.15, kizuizi hicho kimeingizwa ndani ya READ_ONCE kwa Alpha peke yake, na sisi wengine tumepumzika.

Kompaila lakini bado ipo, na hata utegemezi wa anwani inaweza kuuvunja. Kwa mfano:

    p = rcu_dereference(kichwa);
    if (p == &cha_awali)
            x = p->kiasi;

Ndani ya tawi hilo kompaila inajua p ni sawa na &cha_awali, na anwani hiyo inajulikana tangu mwanzo. Ina ruhusa ya kusoma cha_awali.kiasi moja kwa moja, bila kupitia p. Basi prosesa haina tena cha kusubiri. Kulinganisha pointa na NULL hakuna shida, kwa sababu hutaifuata NULL. Kuilinganisha na anwani ya kitu halisi kisha kuifuata ndani ya tawi hilo ndiko kunakokata uzi. Hofu hii si ya kinadharia: kwenye arm64 (ARM ya biti 64), kerneli ikijengwa kwa mtindo wa LTO ambapo kompaila inaona programu nzima kwa pamoja, READ_ONCE yenyewe inageuzwa kuwa usomaji wa kushika (yaliyo chini yake yanafanyika baada yake), kwa sababu watunzaji waliona hawawezi kuiamini kompaila itunze utegemezi.

Sasa tutibu. Mwandishi:

    kipimo.mwangwi = muda;
    kipimo.namba = n;
    smp_store_release(&bendera, 1);

Msomaji:

    if (smp_load_acquire(&bendera))
            nakala = kipimo;

Kuachia na kushika, kama kufuli. Yote yaliyo juu ya kuachia yanaonekana kabla yake. Yote yaliyo chini ya kushika yanafanyika baada yake. Kwenye arm64 hizi zinakuwa amri za stlr na ldar, moja moja. Kwenye x86 ni kusoma na kuandika kwa kawaida tu, pamoja na kuikataza kompaila isihamishe kitu. Ungeweza pia kubaki na smp_wmb ulipoiweka na kuongeza smp_rmb (kizuizi cha usomaji) kwa msomaji, kati ya bendera na kipimo, huku bendera yenyewe ikiguswa kwa WRITE_ONCE na READ_ONCE. Ni sahihi. Mimi napendelea kuachia na kushika kwa sababu ahadi imebandikwa kwenye kigeu chenyewe. Miezi sita ijayo, atakayehamisha mistari ataona bendera ndiyo mlango.

Ushauri wa smp_mb kila mahali siupendi, na gharama siyo sababu kubwa, ingawa dmb ish, amri inayotokana nayo kwenye arm64, si bure. Ninaogopa zaidi kwamba kizuizi kisicho na mwenzake aliyetajwa hakisomeki. Mtu akikuta saba, hajui kipi kinalinda nini, na hathubutu kuondoa hata kimoja. Kila kizuizi kiandikiwe maoni yanayosema kinashirikiana na kipi upande wa pili. Programu ya kukagua viraka ya kerneli yenyewe, scripts/checkpatch.pl, inalalamika ikikuta kizuizi kisicho na maoni. Kuna mahali smp_mb haina mbadala, nao ni pale uzi A unapoandika x kisha unasoma y, huku uzi B unaandika y kisha unasoma x, na usingependa wote wawili wakose kumwona mwenzake. Ule mpinduko mmoja unaoruhusiwa hata na Intel unaingia hapo. Kulala na kuamshwa ndani ya kerneli ni hali hiyo hasa: nani alitangaza analala kabla ya kuangalia kama kazi ipo? Ndiyo maana set_current_state ina kizuizi kamili ndani yake. Draiva yako haina umbo hilo.

Nimesema kuna tatizo la pili. Hata ukipanga kila kitu sawasawa, kuna swali halijajibiwa: intarapti ya pili ikija wakati msomaji yuko katikati ya kunakili, itakuwaje? Kwa maelezo yako, mwandishi haangalii bendera kabla ya kuandika. Basi msomaji atanakili namba mpya na muda wa zamani, au kinyume chake, bila prosesa wala kompaila kukosea popote. Mpangilio unasema lipi kabla ya lipi. Haumfukuzi mtu chumbani. Dalili ya mgongano huu inafanana kabisa na ile ya kwanza, na nakuhakikishia watu wamepoteza wiki wakiongeza vizuizi juu ya mgongano wa aina hii.

Una njia tatu za heshima. Ya kwanza ni kufuli la kawaida: msomaji atumie spin_lock_irqsave, mwandishi spin_lock. Usisahau hilo la irqsave. Msomaji akishika kufuli bila kuzima intarapti, na intarapti ikaja kwenye kori ile ile, kazi yake itazunguka milele ikimsubiri mtu ambaye haiwezi kumpa nafasi. Kufuli linabeba kushika na kuachia ndani yake, kwa hiyo masuala yote ya mpangilio yanakwisha. Kwa kihisi kinachotoa vipimo vichache kwa sekunde, gharama yake hutaiona. Kama ungeniuliza kwa sentensi moja ufanye nini, ningesema hii.

Ya pili ni namba ya mfululizo wa kerneli, seqcount. Mwandishi anaiongeza ikawa witiri, anaandika, anaiongeza tena ikawa shufwa. Msomaji anaisoma kabla na baada; ikiwa imebadilika, anarudia.

    do {
            s = read_seqcount_begin(&mfululizo);
            nakala = kipimo;
    } while (read_seqcount_retry(&mfululizo, s));

Hii inakufaa ukitaka mwandishi asisubiri kamwe, na vizuizi vinavyotakiwa vimo ndani yake. Sharti lake ni kwamba mwandishi asikatizwe katikati na uzi mwingine. Ndani ya intarapti ya kawaida sharti hilo limetimia. Ukihamia PREEMPT_RT (kerneli ya muda halisi), ambako kazi nyingi za intarapti zinageuzwa kuwa nyuzi, tumia seqlock_t, ambayo inabeba kufuli lake. Na usifuate pointa ndani ya kitanzi hicho, kwa maana unaweza kuwa umeshika data ya nusunusu.

Ya tatu ni kuifanya bendera iwe zamu ya kweli: mwandishi aandike pale tu bendera ikiwa 0, na msomaji airudishe 0 kwa smp_store_release baada ya kumaliza kunakili. Hapo ndipo utegemezi wa sharti wa mwenzako unapopata kazi halali, kwa kuwa mwandishi anasoma bendera kisha *anaandika*. Hata hapo mimi ningetumia smp_load_acquire, kwa sababu kompaila tumeshaiona inavyoweza kuukata uzi ule. Ubaya wa njia hii ni kwamba kipimo kinachokuja wakati msomaji amechelewa kinapotea. Kama hutaki kupoteza, usijenge foleni yako mwenyewe. Kfifo, foleni ya kerneli, ipo tayari, na kwa mwandishi mmoja na msomaji mmoja haihitaji kufuli.

Angalia pia kama Pi yako inaendesha kerneli ya biti 32. Muda wa ktime (aina ya kerneli ya kuhifadhi muda) ni wa biti 64, na kompaila inaweza kuuandika kwa vipande viwili vya biti 32. Msomaji asiye na kufuli wala seqcount anaweza kupata kipande cha juu cha jana na cha chini cha leo.

Jaribio moja la haraka linaweza kukusaidia kutofautisha magonjwa haya. Ufunge uzi wa msomaji kwenye kori ile ile inayopokea intarapti. Utaiona katika /proc/interrupts. Kori moja daima inaona kazi zake kwa mfuatano wa programu, kwa hiyo mpinduko wa prosesa unatoweka. Makosa yakiisha kabisa, una ushahidi kwamba mpangilio ndio ulikuwa sehemu kubwa. Yakibaki, angalia kompaila na mgongano wa kuandika juu ya kinachosomwa, kwa maana intarapti inaweza kumkatiza msomaji katikati ya kunakili hata kwenye kori hiyo moja. Ni kipimo cha uchunguzi tu. Usikiache hapo kama tiba.

Kwa uthibitisho wenyewe, usitegemee saa za kuendesha. Tangu mwaka 2018 kerneli inabeba kielelezo rasmi cha mpangilio wake wa memori katika saraka ya tools/memory-model, kazi ya Jade Alglave, Luc Maranget, Paul McKenney, Andrea Parri na Alan Stern. Unaandika jaribio dogo la nyuzi mbili, unaliendesha kwa programu ya herd7, nayo inapitia kila mfuatano unaoruhusiwa na kukuambia kama matokeo unayoyaogopa yanawezekana. Umbo lako limeshaandikwa humo, tafuta faili linaloitwa MP+pooncerelease+poacquireonce. Liendeshe, halafu ondoa kushika upande wa msomaji uliendeshe tena, uone jibu likigeuka kutoka Never kuwa Sometimes. Dakika kumi za zoezi hilo zitakufundisha kuliko makala yangu yote. Jenga pia kerneli yenye KCSAN (kigunduzi cha migongano ya data), iliyoingia katika toleo la 5.8. Inakamata vigeu vinavyoguswa na pande mbili bila alama kama READ_ONCE, na ingekuonyesha kipimo chako hata kwenye laptop.

Jambo moja liko nje ya haya yote. Siku utakayobadili kihisi ukapata kifaa kinachoandika chenyewe kwenye memori kwa DMA, familia ya smp_ haitakutosha. Hiyo ni mapatano kati ya kori na kori. Kwa kifaa kuna dma_rmb, dma_wmb, na readl na writel (za kusoma na kuandika rejista za kifaa) ambazo, tofauti na zile za _relaxed, zina mpangilio ndani yake.

Lini utafute mtu wa kukaa naye? Ukiwa na kufuli, seqcount au kfifo, huhitaji. Soma hati za kerneli na utume kiraka chako kikaguliwe kama kawaida. Ukijikuta umeamua kuandika mpangilio wako mwenyewe unaohusisha vigeu vitatu au nyuzi tatu bila kufuli, usiendelee peke yako. Mtafute mtu aliyewahi kufanya hivyo, mkae mezani, mchore safu mbili kwenye karatasi, na kila mshale wa lipi kabla ya lipi utetewe kwa sauti. Na kama kipimo hiki cha tangi ndicho kinachowasha na kuzima pampu, fanya hivyo sasa: weka pampu kwenye swichi ya boya isiyopitia draiva yako mpaka mtu wa pili awe ameusoma msimbo. Ukimwendea, nenda na bodi yenyewe, toleo kamili la kerneli na la kompaila, faili la .config, na matokeo ya objdump (inayoonyesha amri za mashine) ya kazi zile mbili, kwa sababu kitu cha kwanza atakachotaka kuona ni kama kompaila iliziacha amri zako mahali ulipoziweka.